Makerere kwa miguu: uzoefu wangu katika mji niliozaliwa

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa karani wa East African Railways, nikazaliwa Kampala na kulelewa kwenye kota za Nsambya, mpaka mwaka 1970 serikali ya Obote ilipowatimua wafanyakazi Wakenya nasi tukarudi kwetu. Siku hizi Mkenya anavuka mpaka wa Busia kwa kitambulisho tu, kwa hiyo sikuwa na kisingizio tena. Nsambya nilipita, sikuitambua, nikaendelea na safari. Kilichonipeleka hasa ni Chuo Kikuu cha Makerere, jina ambalo mama alilitumia kututishia: "Cheza tu, unadhani Makerere wanaingia wavivu?"

Nililipia ziara ya kampuni moja, na hiyo siwezi kumshauri mtu. Kiongozi wetu alitusimamisha mbele ya jengo kuu, akataja marais waliosoma hapo, Nyerere, Obote, Kibaki, Mkapa, tukapiga picha, kisha mbio kwenye duka la vinyago ambako, nadhani, ana chake. Nilirudi peke yangu baadaye, nikaelewana bei na kijana anayesoma historia pale pale. Hapo ndipo nilipoiona Makerere.

Jengo kuu la mwaka 1941 liliungua Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura ileile na kufunguliwa tena Oktoba 2024. Kazi ni nzuri, ila linang'aa mno. Wenyeji wake halisi ni kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Wamejaa mitini, na vinyesi vyao vimeipaka lami chokaa. Usisimame chini yao ukipiga soga.

Nilipokaa sana ni Nsibirwa, bweni ambalo zamani liliitwa Northcote. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, wa ufalme wa Buganda, na aliunga mkono sheria iliyowezesha ardhi kuchukuliwa ili chuo kipanuke. Watu wakakasirika. Septemba 1945 akapigwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe. "Mzee, hapa unapokanyaga palilipiwa damu," kijana akaniambia, halafu papo hapo akaanza kuwasema vibaya watu wa bweni la Lumumba, mahasimu wao wa jadi. Yule wa kampuni alilipita bweni hili bila hata kuligeukia.

Mswahili ana mengine ya kutafakari hapa. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, akina Achebe na Soyinka, na Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi. Mwaliko ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert hakuwamo, na mwezi huohuo akafariki. Nilimuuliza kijana kama wanafundishwa hilo, akacheka: Kiswahili chenyewe, alisema, bibi yake bado anakiogopa kwa sababu kwake ni lugha ya wanajeshi. Na bado Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alifundisha siasa kwenye kilima hiki miaka kumi hivi, mpaka enzi za Amin zilipomshinda.

Usikose jumba la sanaa la shule ya Margaret Trowell, mwalimu aliyeanzisha masomo ya uchoraji hapa miaka ya 1930. Ni padogo na pametulia, na mtu wa mapokezi alinieleza picha moja baada ya nyingine bila haraka.

Ningetoa nyota nne kwa chuo, moja kwa kampuni. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na viatu vya kutembelea, maana kilima ni kilima. Bei ya boda elewana kabla hujapanda. Ukimaliza, shuka mtaa wa Wandegeya ukale rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, na mwambie muuzaji aiache motoni kidogo zaidi.