Leseni ya duka: nyota mbili tu

Hii ofisi ya leseni huku kwetu Nairobi naipa nyota mbili, moja ni ya yule mama wa kaunta juu anajaribu. Kulipa ni chap chap, unatuma na simu, lakini sasa kupata cheti ndio kazi, mara sistimu imelala, mara printa haina wino, na kanjo, yule askari wa kaunti, huko nje hataki hadithi za risiti. Ati pesa za serikali kuu zimechelewa. Sawa, Katiba ya 2010 inazipa kaunti zote 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, ikichelewa lazima waumie. Lakini si mimi nimelipa? Zangu zimeenda wapi? Mkienda, fikeni asubuhi na mbebe kopi ya kitambulisho.