Wembe wa Kukunja wa Shilingi 350,000: Miezi 14 Baadaye

Habari zenu wadau, karibuni tena. Hii plasta hapa chini ya taya mmeshaiona, najua. Tutafika huko.

Leo naongelea hiki kitu. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Wembe wa kukunja, ule mzee, usiobadilishwa wembe ndani. Wa saluni mnaujua, kinyozi anavunja wembe nusu, anauchomeka kwenye mpini, akimaliza anautupa. Huu hautupwi. Chuma ni kimoja kutoka mgongoni hadi kwenye makali, ukiisha makali unaunoa, na ukiutunza unamwachia mwanao. Ni Dovo, umetengenezwa Solingen, Ujerumani. Kampuni hiyo ipo tangu 1906, na mji wenyewe ndio mji wa visu. Jina la Solingen linalindwa na sheria ya Wajerumani tangu 1938, kwa hiyo mtu hawezi kuamka tu akaligonga kwenye chuma chake. Nitawaambia kwa nini nimelitaja hilo.

Upana wake ni 5/8, maana yake sehemu tano za nane za inchi, kama milimita 16 kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Anayeanza achukue huo huo. Mpana zaidi ya hapo unakuzuia kuona chini ya pua.

Sasa kisa changu. Mimi sikuanza na Dovo. Nilianza kwa ubahili. Niliona wembe mtandaoni, shilingi 28,000, mpini unang'aa kama meno ya tembo, picha tamu. Muuzaji simtaji. Ulipofika niliuweka shavuni, ukanivuta ndevu mpaka machozi yakanitoka. Nikasema labda haujanolewa. Nikanunua kinoo, nikanoa jioni tatu mfululizo. Wapi!

Baadaye ndio nikaelewa. Wembe wa kukunja unaponolewa unalazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa. Mgongo ndio unaopima pembe, wewe huna cha kukisia. Sasa mgongo ukiwa umepinda, au mwembamba kuliko upana wa wembe unavyotaka, pembe inaharibika na hakuna jiwe duniani litakalokuokoa. Wangu ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Hebu oneni hapa, naulaza kwenye kioo cha simu... mmeona unavyocheza? Hiki ni kisu cha kufungulia bahasha. Ndiyo maana nimewatajia sheria ya Wajerumani.

Kwa hiyo Dovo ukaja na shemeji yangu kutoka Düsseldorf, euro 120, kama 350,000 zetu. Hapo nikajua nimemaliza. Kumbe ndio kwanza nafungua mlango.

Wembe huu kabla ya kila kunyoa lazima upitishwe kwenye mkanda wa ngozi. Mkanda, 130,000. Kinoo cha kumalizia, Naniwa namba 12000 cha Kijapani, 260,000. Brashi 40,000, sabuni 35,000. Halafu ikaja homa. Wenye mchezo huu wanaijua: unaamka saa nane usiku unatafuta wembe wa pili. Nikachukua mtumba wa Sheffield, Uingereza, chapa ya Wade & Butcher, mzito kama panga, 220,000. Jumlisha na ule wa bahasha, ni 1,063,000.

Mama watoto alichukua simu akafungua kikokotoo mbele yangu. Pakiti ya nyembe tano kwa Mangi ni buku. Ukivunja nusu nusu unapata kumi. Ninanyoa mara tatu kwa wiki, kwa hiyo pakiti 16 zinanitosha mwaka mzima, shilingi 16,000. Akagawanya. Akanigeuzia kioo bila kusema neno: 66. Miaka 66 ndipo hela irudi, na mimi nina 41.

Kwa hiyo wadau, mkisikia mtu anasema wembe wa kukunja unaokoa hela, huyo anamdanganya mkewe.

Tuje kwenye mkanda, maana hapa ndipo wengi mtaumia. Unaning'iniza huku, unavuta huku. Wembe unakwenda mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuubingirisha juu ya mgongo, kisha unarudi. Mara 20 kwenye upande wa kitambaa, mara 50 kwenye upande wa ngozi. Sikilizeni... huo mlio, kama mtu anapiga kofi kwa mbali. Dovo mashavu yake yamechimbwa pande zote mbili, bati lenyewe jembamba mno, ndiyo maana unaimba hivyo. Wa Sheffield ni kama kabari, nene, hauimbi, unanguruma tu.

Wiki ya kwanza nilijifanya kinyozi wa sinema, nikageuza haraka, nikageuzia makali. Tazameni hapa karibu na ncha: mwezi mchanga. Kipande cha ngozi kimeinuka kama ukucha. 130,000 ikapigwa chale siku ya nne! Nikasugua kwa msasa laini, bado inatumika, lakini kila nikifika hapo naukwepa. Ushauri: nunua kipande cha bei rahisi cha kujifunzia, ukichane weee mpaka mkono ushike adabu.

Brashi. Hapa ndugu zangu Waislamu sikilizeni vizuri. Niliagiza Omega ya Kiitaliano bila kusoma maelezo, na nyingi za bei ile ni nywele za nguruwe. Mimi na familia yangu Tanga hii! Brashi ikahamia kwa jirani, ameipenda mno, ananisalimia kwa bashasha siku hizi. Mimi nikatafuta ya nyuzi za kiwandani, inakauka haraka na povu linatoka vizuri tu. Na sabuni nazo someni karatasi, kuna zinazopikwa kwa mafuta ya wanyama. Mimi natumia Proraso ya kijani, ina ubaridi wa mnanaa, kwa joto letu ni burudani.

Baada ya kunyoa, shabu. Wazungu wanaiuza kwenye kiboksi kizuri kwa bei ya kuku. Ni shabu ile ile ya sokoni kwa wauza dawa za asili. Lowesha, pitisha usoni. Inapochoma ndipo ulipokosea.

Sasa tatizo ambalo video za Ulaya haziwaambii sisi watu wa pwani. Kutu. Chuma hiki ni cha kaboni, hakipendi maji, na hewa yetu ni maji yenye chumvi. Mwezi wa pili niliacha wembe bafuni siku sita nikaenda msibani Korogwe. Nimerudi, nimeufungua, nikaona kidoa cha kahawia, kidogo kama punje ya ufuta, pale pale kwenye makali. Nikasema kitu gani hiki. Nilipoupitisha kwenye jiwe kidoa kikatoka na kipande cha makali, pakabaki pengo. Hulioni kwa macho, lakini shavu linalisikia. Ilinichukua saa nzima kulimaliza.

Siku hizi bafuni haulali. Nafuta kwa karatasi laini, napitisha kwenye ngozi kavu mara kumi, halafu tone moja la mafuta ya cherehani, na jingine pale kwenye msumari wa mpini, maana maji yanapenda kujificha hapo. Naufungia kabatini pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usivitupe vile, ni mali.

Na vipele vya ndevu? Hili ndilo swali mnaloniuliza kuliko yote. Nywele zetu zinajikunja. Zile mashine za nyembe tano zinauvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, ukirudi kuota unajikunja ndani kwa ndani, kipele hicho. Wembe mmoja ukienda kwa kufuata ndevu zinakolala unaukata usawa wa ngozi. Shingo yangu imetulia sana, siwafichi. Ila niliponogewa nikaanza kunyoa kinyume ili niwe laini kama yai, vikarudi vyote ndani ya siku tatu. Kwa hiyo sifa si za Dovo. Ule wa saluni wa kuchomeka nusu ya wembe, ukiutumia kwa adabu ile ile, kwenye shingo yangu umefanya kazi hiyo hiyo. Nimeujaribu mwezi mzima. Wenye vipele vya usaha, mwoneni daktari wa ngozi kwanza, msije hapa kutafuta dawa.

Na wembe haukopeshwi. Wa kuchomeka unabadilishwa kila mtu, huu haubadilishiki, damu iliyobaki inaweza kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mdogo wangu aliuomba siku ya harusi yake, nikamnyima. Alinuna.

Je, ununue? Kama unataka kunyoa tu, chukua ule wa saluni na pakiti kutoka kwa Mangi. Kama unapenda kunoa, kufuta, kupaka, kukaa bafuni dakika 25 watoto wakigonga mlango, chukua Dovo mmoja na mkanda mmoja. Kinoo subiri, makali yakitunzwa kwenye ngozi yanakaa miezi. Wa pili usinunue. Mimi wa Sheffield nimeutumia mara tisa.

Haya, plasta. Asubuhi nilitaka kuwaonesha ninavyonyoa, nikawa naongea na kamera huku wembe uko kwenye taya. Nikasema neno "karibuni" na kidevu kikacheza. Kipande hicho nimekifuta, watoto wanaangalia hii chaneli.

Nazima hapa, wembe uko wazi mezani tangu nianze kuongea na bado sijaupaka mafuta.