Tufe la boling la asubuhi na tufe la jioni

Nilinunua tufe langu la kwanza la boling kwa kuvutiwa na sifa zake, bila kujiuliza ningelichezea kwenye njia iliyopakwa mafuta ya namna gani. Lilikuwa la resini, la ratili 15, lenye uso usiong'aa uliopigwa msasa ili ushike njia hata palipo na mafuta mengi. Njia ina futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele (pini ni vile vigingi vinavyoangushwa), na kwa kawaida mafuta huishia karibu na futi ya 40, yakiwa mengi katikati na haba kandoni, ingawa kwa macho huyaoni.

Jumamosi asubuhi, njia ikiwa imetoka kupakwa, tufe hilo lilinifurahisha kwelikweli. Tatizo ni kwamba siku nyingi mimi hucheza jioni nikitoka kazini, wakati matufe ya wachezaji wa mchana yamekwisha kuyafyonza mafuta na mengine kuyasukuma mbele. Hapo lilishika mapema mno, likapinda kabla ya wakati, na likafika kwenye pini limeishiwa nguvu, hata pini ya 10, ile ya pembeni kulia, ikabaki imesimama mara kwa mara. Nilikuwa nikiulaumu mkono wangu, mpaka mzee mmoja tunayecheza naye akaniambia, "Kijana, hilo tufe lako ni gambuti, na hapa hapana matope."

Kwa ushauri wake nilinunua la pili, la resini ya aina ya lulu, lililong'arishwa. Hili huteleza sehemu ya mwanzo, likahifadhi nguvu, kisha likageuka kwa ukali karibu na mwisho, na kwa jioni za Nairobi sioni sababu ya kutafuta jingine. La plastiki sikununua, kwa kuwa matufe ya kuazima ukumbini ni ya plastiki na yanatosha kwa pini moja iliyobaki, ambapo unahitaji kwenda moja kwa moja.

Siku hizi kabla ya kulifuta tufe huangalia michirizi ya mafuta iliyoachwa juu yake: ikiwa hafifu, najua mafuta yamepungua na la lulu ndilo linalofaa. Kubeba yote mawili kwenye matatu ni zaidi ya kilo 13 mapajani, kwa hiyo lile la kwanza hukaa chini ya kitanda hadi Jumamosi asubuhi.