Magari ya jeshi ya porini kwenye makumbusho: nenda, na uiname uangalie chini

Nilikwenda kwa ajili ya ukumbi wa magari tu, nikakaa humo asubuhi nzima. Waliopanga ukumbi huu wanastahili sifa kwa jambo moja kubwa: boneti wameziacha wazi, na chini ya magari kadhaa wamelaza vioo sakafuni. Ukiliangalia gari la namna hii kwa juu unaona bati la kijani na turubai. Akili yote iko chini.

Jeep yao, lile gari dogo la jeshi la Marekani, ni Ford GPW, yaani iliyotengenezwa na Ford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ford walitengeneza gari lilelile la Willys, na hadi 1945 kampuni hizo mbili zilikuwa zimetoa Jeep zaidi ya 600,000. Ukitaka kujua ya Ford, tafuta herufi F kwenye vichwa vya bolti, halafu angalia kwenye kioo ile chuma ya chasisi inayokatiza mbele, chini ya rejeta. Ya Willys ni bomba la mviringo. Hii niliyoiona ina kona. Nilifurahi sana kuihakikisha kwa macho yangu. Taa za mbele nazo zimefungwa kwa bawaba. Fundi akiharibikiwa usiku, analegeza nati, anazigeuza taa nyuma, zinammulikia injini. Tangi la mafuta liko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo kila anapojaza mafuta lazima ashuke.

Pembeni yake kuna Kübelwagen, gari dogo la jeshi la Wajerumani wa vita hiyohiyo, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Magurudumu ya mbele hayavuti kabisa! Lakini gari ni jepesi, kama kilo 700 na kitu, injini imekalia magurudumu ya nyuma yanayovuta, na tumbo lake ni bapa, hivyo kwenye tope linateleza badala ya kunasa. Injini inapozwa kwa hewa, haina maji ya kuchemka jangwani wala kuganda kwenye baridi. Ndugu yake, Schwimmwagen, anaogelea: propela inashushwa kwa nyuma, na magurudumu ya mbele ndiyo usukani hata majini. Propela hiyo inasukuma mbele tu.

Sasa lawama. M151, gari dogo la jeshi la Marekani lililokuja baada ya Jeep, wameipaka rangi mpya inayong'aa. Rangi ya gari la vita hufifishwa makusudi, isirudishe mwanga kwa adui; kuling'arisha ni kulifutia historia. Kibaya zaidi, kibao chake kimeandikwa "Jeep" basi. Hii ni gari tofauti kabisa, kila gurudumu lina springi yake peke yake, na kwenye kona kali ilijulikana kwa kupinduka. Jeshi la Marekani lilikata nyingi vipande badala ya kuwauzia raia. Ndiyo maana kuikuta nzima ni bahati, na mgeni anapita bila kuambiwa.

Land Rover yao sikuitazama sana, imesogezwa ukutani na huwezi kuizunguka.

Utunzaji mwingine ni mzuri. Magari yamenyanyuliwa juu ya stendi ili tairi zisibonyee upande mmoja, na chini ya injini kuna trei zenye matone ya oili. Watu wawili niliosimama nao waliona ni uchafu. Mimi nilifurahi, maana mhudumu alinieleza kwamba injini huwashwa mara kwa mara ili sili, yaani vizuizi vya mpira vinavyozuia oili kuvuja, zisikauke zikapasuka. Gari lisilowashwa miaka mingi hubaki ganda tu.

Vaa nguo usiyoionea huruma, kwa sababu vioo viko chini sana na utapiga magoti. Na umwombe mhudumu akushushie propela ya Schwimmwagen. Mimi aliniruhusu niishike.