TAHADHARI: Anayeuza "Audacity Pro" ya kufuta "eee" kwenye rekodi ni tapeli

Mnaorekodi podikasti, mawaidha, mahubiri au vipindi vya redio za mtandaoni, kaeni macho. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram akiuza kitu anachokiita "Audacity Pro", kwa kutumia jina la Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Bei 45,000, ukilialia anashusha mpaka 30,000. Anarusha klipu: mtu anaongea "eee... yaani... eee", kinabonyezwa kitufe kimoja, halafu maneno yanatoka yamenyooka kama taarifa ya habari.

Klipu hiyo nimeisikiliza kwa headphone. Kwenye ile ya "baada" kuna jogoo anawika kwa mbali, kwenye ya "kabla" hayupo. Programu ya kufuta maneno haiongezi jogoo! Amerekodi mara mbili, basi.

Hakuna Audacity Pro. Audacity ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000, na mpaka leo unaipakua audacityteam.org bila kutoa hata senti. Haikuombi "key" wala "activation". Na haina kitufe cha kuzoa "eee" zote kwa mkupuo.

Hela ndiyo hasara ndogo. Faili analokutumia ni zip yenye nywila, na maelekezo yake ni "zima antivirus kwanza, ni kawaida". Si kawaida. Nywila imewekwa ili antivirus isiweze kuchungulia kilichomo. Kijana mmoja aliniletea laptop yake baada ya kuinstoli: ndani kuna Audacity ile ile ya bure, toleo la zamani, na pembeni yake kijiprogramu kinachojiwasha kila kompyuta ikiwaka. Akaunti yake ya Facebook ilikuwa imeshaanza kuwaomba marafiki zake hela. Alipomuuliza muuzaji mbona "eee" hazifutiki, akajibiwa: "Bosi, hiyo ni plugin, ongeza 15,000." Alipogoma, akablokiwa.

Kazi yenyewe inafanyika kwa mkono. Kuza mchoro wa sauti kwa Ctrl+1. "Eee" utaitambua, ni utepe mnene uliolingana, hauna vilima vya maneno. Ichague, bonyeza Z ili mkato usilie "tap", kisha Delete. Usiondoe pumzi zote, mtu ataonekana anakimbizwa. Zipo programu za kulipia zinazoyaandika maneno kwanza kisha kukufutia, Descript kwa mfano, lakini hizo unalipia kwenye tovuti yao wenyewe, si kwa namba ya mtu. Na hata hizo, sikiliza tena kabla hujarusha, hasa kama ni dua au sala. "Ee Mola wetu" ikikatwa kichwa, waumini watakutafuta.

Kama umeshainstoli, zima intaneti kwenye hiyo kompyuta sasa hivi. Badilisha nywila za barua pepe na mitandao ukitumia kifaa kingine, usitumie hicho hicho. Kisha hamisha rekodi zako tu, futa kila kitu na uweke Windows upya. Kuifuta "Audacity Pro" peke yake hakutoshi, kile kijiprogramu kinabaki.

Kwa walioko Tanzania, namba aliyokutumia iripotini kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Jina na picha anabadilisha kila mara, klipu ni ile ile, kwa hiyo mkiiona kwenye grupu lenu mwambieni admini amtoe.