Kenchi za Buguruni: kazi safi, usafiri ndiyo tatizo

Nyota nne. Nilihitaji kenchi, yaani fremu za mbao za kubebea paa, za nyumba yangu ya Chanika, upana mita 8. Karakana iko Buguruni, Dar es Salaam, ndani kidogo kutoka barabarani. Fuata mlio wa msumeno.

Kilichonivutia ni fundi mkuu. Nilimuuliza kwa nini mbao za inchi mbili kwa sita anazisimamisha badala ya kuzilaza. Hakujibu. Aliilaza moja juu ya matofali mawili, akaniambia, "Dada, kaa katikati." Ikabonyea. Akaisimamisha, akaishika isipinduke, nikakaa tena: wala haikushtuka. Mbao ni ileile, ila ukinzani wake wa kupinda unakua kwa kimo mara kimo mara kimo, huku upana ukihesabiwa mara moja tu. Piga hesabu mwenyewe: iliyosimama ni ngumu mara 9 kuliko iliyolala.

Kenchi zenyewe ni pembetatu tupu, maana pembetatu haibadili umbo mpaka mbao ikatike au kiungo kiachie. Nilipenda zaidi walivyounga mbao ya chini. Hiyo paa linaivuta huku na huku, kwa hiyo waliibana kwa vipande pande zote mbili na kutia boliti, siyo misumari mitupu kama wengi wanavyofanya.

Nyota iliyopungua ni ya usafiri. Kenta waliyoleta ilikuwa fupi, kenchi zikaja zimelazwa, zinaning'inia nyuma, na mbili zikalegea viungo. Walikuja kuzikaza bure, lakini nilisubirishwa huku mvua za vuli zikinukia. Ukiagiza, dai gari refu, na kenchi zisafiri zimesimama.