Sufi ya mawe chini ya sakafu ya mbao: uzoefu wangu baada ya msimu mzima wa baridi

Nyumba yetu ni ya zamani, sakafu ya mbao juu ya uvungu ambao huwezi kuingia ila kwa kutambaa. Msimu wa baridi ukifika, washa joto utakavyo, mwili unapata nafuu lakini miguu inakufa ganzi. Tukaita mafundi watuwekee sufi ya mawe, yaani kihami cha kuzuia joto lisipotee kinachotengenezwa kwa nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, chini ya sakafu. Baridi imeshapita yote, na kazi yao nimeikubali.

Waliotutangulia humu walikuwa wameweka sufi ya kioo. Fundi alipomulika tochi, nikaona vipande vimelowa na kulegea, vingine vimeshaanguka kwenye udongo. Hata vilivyobaki juu vilikuwa vimeachana na mbao, kiganja kinapita katikati. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Hewa baridi ikishapita kati ya sufi na sakafu, sufi inakuwa kama blanketi lililotundikwa kambani huku wewe umelala bila kujifunika.

Mafundi hawa hawakuanza na sufi, walianza na ardhi, na hilo ndilo lililonifanya niwaamini. Udongo hata ukionekana mkavu hutoa mvuke, na mvuke huo hupanda moja kwa moja kwenye boriti. Walizipima kwanza kwa kipima unyevu, maana mbao zikikaa juu ya asilimia 20 ziko hatarini kushikwa na kuvu. Kisha wakatandika nailoni nzito uvungu wote, kipande kikilalia kingine kwa sentimita 30, viungo vikabandikwa kwa utepe, kingo zikapandishwa ukutani. Baada ya hapo wakaziba kwa povu kila tundu linalopitisha bomba au waya, na nyufa zote pale boriti zinapokutana na ukuta wa nje. Upepo mwingi uliokuwa ukitupuliza miguuni ulikuwa unatokea huko.

Ndipo ikaja sufi. Kila kipande kilikatwa kipana kidogo kuliko nafasi kati ya boriti, kikasukumwa hadi kikagusa mbao za sakafu, kisha kikashikizwa kwa vipande vya mbao kwa chini. Sufi ya mawe ni nzito na inawasha ngozi vibaya, barakoa na glavu ni lazima, lakini haishiki moto, hainywi maji kirahisi, na ikikaa inakaa. Mimi siwezi kurudi kwenye ile ya kioo.

Matundu ya hewa ya kuta za uvungu waliyaacha wazi. Ni sawa, kwa sababu ukishaweka kihami kwenye sakafu, uvungu unahesabika kuwa nje.

Lakini hapo kuna jambo ambalo lilipaswa kusemwa mapema. Joto likishazuiwa lisivuje kwenda chini, uvungu unakuwa na baridi kuliko zamani, na mabomba ya maji yaliyomo yanaweza kuganda na kupasuka. Kuyafunika hakukuwemo kwenye makadirio yao. Niliuliza mwenyewe, nikalipia zaidi. Ukiita fundi yeyote kwa kazi hii, swali la mabomba liwe la kwanza.

Sakafu haijawa ya moto, wala sikutarajia iwe. Watoto wanacheza chini bila mkeka, na upepo wa miguuni umekwisha, isipokuwa kona moja ambayo uvungu wake ni mfinyu mno, fundi hakufika. Nawapa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye mabomba.